Mkono Mmoja Juu

Shamba la Lanzow, Pomerania
20 Januari 1920

Dada Minna,

Usianze kuniombea misa ya wafu, nakujua. Niko hai, nimenenepa kidogo, na kwa sasa mimi ni mkulima. Cheka tu, nakusikia mpaka huku.

Kule Kurland, mashariki, tuliahidiwa mashamba. Kila aliyejitolea kwenda kupigana na Wabolsheviki angepewa ardhi na nyumba yake, ndivyo tulivyoambiwa siku ya kujiandikisha, na mimi nilikuwa nimeshachagua mahali pa kujenga zizi. Kisha wenye nchi wakatutimua, serikali yetu wenyewe ikatuamuru turudi, na ahadi ikayeyuka. Lakini Kapteni von Trebnow alisema kikosi chake cha hiari hakivunjwi na mawakili wa Berlin. Ametuficha hapa kwa bwana mmoja mwenye shamba kubwa. Mchana tunang'oa visiki, bunduki zimelala chini ya viazi. Mkaguzi akija, sisi ni vibarua.

Najua shemeji Anton atasema nini. Mwambie mgodini sirudi ng'o. Baba alikohoa makaa mpaka wiki tuliyomzika, na mimi nimekaa miaka minne kwenye mahandaki ya vita. Shimo sitaki tena, la aina yoyote. Hapa nina wenzangu, nina Kapteni anayeniita kwa jina, na kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri amenifanya karani wake. Jeshi jipya linaundwa, dogo, na Kapteni ameniahidi nafasi. Hilo tu ndilo ninalolitaka sasa, sare ambayo hakuna atakayenivua.

Yule mbuzi wenu bado yupo?

Kwa heshima ya kijeshi,
Alwin


Mtaa wa Mgodi wa Mathilde, karibu na Hamm
2 Februari 1920

Wewe Alwin,

"Kwa heshima ya kijeshi"! Nani huyo? Niligeuza karatasi nione kama kuna mtu mwingine amejificha nyuma. Katika nyumba hii barua inafungwa kwa "Heri ya kupanda", kama Baba alivyofunga zake, kama anavyoaga kila mtu anayeshuka chini ya ardhi na kutaka kuliona jua tena. Hata kama hushuki, una dada ambaye mume wake anashuka.

Mbuzi yupo. Mkaidi, mlafi, na hajui kushukuru. Tunamwita kwa jina lako siku akikataa kukamuliwa.

Anton anakusalimu. Anasema umekimbia shimo la makaa ukaingia shimo la viazi, na kwamba mtu anayeficha bunduki si mkulima hata akinuka samadi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anavua viatu, ametoka zamu, na kigogo cha mama kiko mezani kama kila siku. Wenzake wengine wameacha kuleta siku hizi, wanasema ni ushamba. Yeye haachi. Anakata kile kipande kinachobaki kwenye nguzo za mgodini, anakifunga kamba, anakibana kwapani ndani ya koti, anatembea nacho mpaka nyumbani ili mimi niwashie jiko. Nchi hii ina vigogo wa aina mbili, anasema: wale wa Berlin wasiofaa hata kuwashia moto, na hiki chake.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimngojea Baba langoni umnyang'anye ukibebe wewe? Ukakibana kwapani, kifua mbele, bwana mkubwa. Siku kilipokuponyoka ukakidondosha matopeni mbele ya zamu nzima, walikucheka mpaka ukalia. Baba akakwambia ungedondosha mkate wake angekusamehe.

Rudi nyumbani, Alwin. Kitanda chako kipo. Lakini kama unakuja na bunduki, baki huko huko na viazi vyako.

Heri ya kupanda,
Dada yako Minna


Ndani ya treni, sijui wapi
27 Machi 1920

Dada,

Naandika haraka, kalamu inarukaruka.

Utakuwa umesikia. Wiki mbili zilizopita tuliingia Berlin tukiimba ili kuiangusha serikali, na serikali ikakimbia kweli. Kisha wafanyakazi wakagoma nchi nzima. Maji yakakatika, taa zikazimika, treni zikasimama. Siku tano tu, mambo yakatuishia mikononi. Nilidhani tungefungwa. Badala yake serikali ile ile tuliyoifukuza imerudi na kutuomba twende kuwanyamazisha wafanyakazi walioiokoa. Usiniulize, mimi ni karani.

Tunaelekea magharibi. Majina ya stesheni sasa nayajua yote.

Minna, kaeni ndani. Mwambie Anton akae ndani.

Alwin


Shuleni, upande wa pili wa reli
7 Aprili 1920

Dada,

Utashangaa. Niko katika darasa lile lile nililoingia nikiwa tayari najua kusoma kwa sababu wewe ulishanifundisha. Dirishani naona moshi wa mtaa wenu ng'ambo ya reli. Haturuhusiwi kuvuka bila amri, kwa hiyo barua hii nampa Bibi Dudek wa maziwa. Amenitazama kama mtu aliyekanyaga mavi, lakini ameichukua.

Yamekwisha, usiogope. Ya mapigano ya Pelkum sitayaandika. Hapa kumekuwa na tukio moja tu. Jana mchana vijana wetu walikuwa zamu kwenye kivuko cha reli, Wapomerania wawili, wageni kabisa wa huku. Wakamsimamisha Mwekundu mmoja, muasi wa hao wafanyakazi, aliyekuwa akija kwa njia ya mgodini. Wakamwamuru mikono juu. Akainua mkono mmoja tu, ule mwingine kaubana kotini akishikilia bomu. Wakampiga risasi kabla hajalirusha. Taarifa nimeiandika mimi na Kapteni ameibandika kivukoni iwe onyo. Uso wake sikuuona, walishamfunika na kumpeleka kwenye banda la chokaa.

Mvua hainyamazi, kuni zote zimelowa. Bahati nzuri jana jioni mlinzi mmoja alileta kipande cha msonobari, kifupi, kinene, kikavu, kimefungwa kamba. Kahawa ikachemka mara moja. Kilinukia kama jikoni kwa Mama. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mwambie Anton asitembeetembee. Na ukikaanga chapati za viazi Jumapili, nibakishie.

Alwin


Mtaa wa Mathilde
8 Aprili 1920

Alwin,

Anton hatatembeatembea.

Mtu aliye bandani ni shemeji yako. Bibi Dudek alimtambua kwa viatu, vile vyenye kiraka cha ngozi nyekundu nilichokishona mimi, kabla walinzi wako hawajamfukuza kwa kitako cha bunduki. Alikuja kwangu ameshika barua yako mkono mmoja na mkono mwingine kaziba nao mdomo. Nilisoma barua nikiwa nimesimama. Sijakaa tangu hapo.

Uliandika "akainua mkono mmoja tu". Uliandika kwa mwandiko wako mzuri, ukakausha wino, na hukujiuliza ni mtu gani anayeelekezewa bunduki mbili akainua mkono mmoja? Nawaelewa hao vijana wa Pomerania, hawajui, wamekulia kwenye viazi. Wewe ulilia matopeni kwa ajili ya kigogo. Unajua kabisa kwamba mtu aliyekibana kwapani akiinua mikono yote miwili kinaanguka. Na unajua kwamba Anton Kuballa hawezi kukidondosha njiani mbele ya watu. Aliinua mkono uliokuwa na nafasi. Alidhani anaongea na watu wanaoelewa.

Sasa niambie, karani. Ni bomu gani hilo mlilochemshia kahawa? Lilipasukia vikombeni? Wewe ulikunywa ngapi?

Na nikwambie lingine nisije nikaonekana nimeficha. Wiki ya mgomo Anton alibeba bunduki, ndiyo. Alisimama nayo mbele ya ghala la chakula, kitambaa chekundu begani, watu wasipore unga, kwa sababu majambazi wenu walikuwa wameiteka Berlin na polisi hawakujua wamtii nani. Viongozi walipokubaliana silaha zirudishwe, alirudisha yake. Sikuombi umfanye malaika. Alikuwa upande wake na mimi niko upande huo huo. Lakini Jumanne alikuwa ametoka zamu, na alibeba kuni.

Kapteni wako ametangaza kwamba muasi aliyeshikwa na silaha anafukiwa kwenye shimo la chokaa bila watu na bila kengele. Nimeenda kivukoni mara mbili, nimerudishwa mara mbili. Nataka ile karatasi ibanduliwe, na nataka mume wangu azikwe makaburi ya parokia, kando ya Baba, kama mchimbaji. Katika kikosi chenu kizima kuna mtu mmoja tu anayejua kigogo cha mama ni nini. Amwambie Kapteni.

Minna


Shuleni
9 Aprili 1920, asubuhi

Dada yangu,

Sikujua ni Anton. Naapa kwa kaburi la Mama, sikujua ni yeye.

Nimekwenda kwa Kapteni. Nilimwambia marehemu ni shemeji yangu. Aliinuka, akanipa mkono, akasema vita ina machungu yake, na kwamba damu ya Kipolandi ya akina Kuballa katika familia si kosa langu. Nilisimama wima. Dada, sikumwambia ni kuni. Nilifungua mdomo nikaona yote. Nikisema ni kuni, taarifa ni ya uongo na sahihi ni yangu. Wale vijana wawili wanashtakiwa, na mmoja wao hajapata hata ndevu. Mimi natupwa nje, jeshi jipya basi tena, narudi mgodini au barabarani.

Lakini nimepata kitu. Amekubali Anton asifukiwe chokaani. Kesho Jumamosi alfajiri padre atamchukua na kumzika ukutani, nyuma ya makaburi, wewe na padre tu, pasipo kengele. Nimemwomba sana mpaka akakubali. Pokea hili, Minna. Kelele hazitamrudisha, na hawa watu hawatanii. Nimeona wanavyofanya.

Nilisikia ile harufu ya kuni, ndiyo. Usiniulize zaidi ya hapo.

Alwin


Mtaa wa Mathilde
9 Aprili 1920, jioni

Karani,

Ahsante kwa ukuta. Mpelekee Kapteni.

Unataka nimzike mume wangu kama mtu anayeficha bakuli alilolivunja. Hapana. Nikimfukia ukutani bila kengele, ile karatasi ya kivukoni inakuwa kweli, na atakayepita atasoma kwamba Anton Kuballa alikufa akitaka kuua vijana wawili. Mtoto niliye naye tumboni atajifunza kusoma kwenye karatasi hiyo. Ndiyo, mtoto. Anton alikuwa akikusubiri ufike ndipo akwambie mwenyewe, alishapanga mpaka utani atakaoutumia.

Sasa sikiliza, nakuandikia wazi na ukitaka mwonyeshe Kapteni. Padre atamchukua Anton alfajiri kama alivyoamriwa. Atamweka kanisani, wala hatamzika mpaka tufike. Kanisa liko upande wenu wa reli. Wanaume wamekatazwa kukusanyika. Hakuna aliyekumbuka kuwakataza wanawake. Kesho saa sita mchana wanawake wa mtaa wa Mathilde watavuka reli kwenda mazishini, na kila mmoja atakuwa na kigogo kwapani, ndani ya koti, upande wa kushoto. Wale ambao waume zao walikuwa wameacha kuleta, leo wameletewa. Zamu nzima imetoka na vigogo, Alwin. Ungeona. Hakuna aliyeona ushamba.

Vijana wenu watatuamuru tuinue mikono. Tutainua mmoja.

Sikuombi tena uzungumze na Kapteni. Simama unapotaka kusimama.

Minna


Mtaa wa Mathilde
18 Aprili 1920
Kwa mfungwa Alwin Terhorst, gereza la kijeshi, Münster

Alwin,

Wameniambia unaruhusiwa barua moja, na kwamba umeshtakiwa kwa kukataa amri na kulichafulia kikosi jina. Jina! Bibi Dudek alicheka mpaka akashika kiuno.

Ulikuwa umetugeuzia mgongo muda wote, halafu wakakuburuta, kwa hiyo ya nyuma yako hukuyaona. Nakuandikia ili uyajue.

Tulipofika reli, mimi mbele, niliona bunduki zimepangwa na Kapteni pembeni amevaa glavu zake. Kijana mmoja wenu akapiga kelele, "Mikono juu!" Tukainua mmoja mmoja. Mvua ilikuwa inaingia kwenye mikono ya makoti. Nikasikia Kapteni anasema "Tayari", na hapo ndipo nilipokuona unatoka chumba cha mlinzi huna kofia. Ukaibandua ile karatasi kwenye nguzo. Ukaja ukasimama katikati ya reli, mbele yangu, ukawageukia wao. Ukainua mkono wako mmoja. Wa kushoto uliubana kwapani, na kwapani hukuwa na kitu, Alwin, niliona, koti lako lilikuwa bapa.

Yale uliyoyasema unayajua. "Ni kuni. Mimi ni mtoto wa mchimbaji, ni kuni, na bomu niliandika mimi." Sauti yako ilikatika kama zamani ulipokuwa ukibishana na Baba. Wengine watakwambia ulikuwa shujaa. Mimi nilikuwa nyuma yako, niliona suruali inavyotetemeka.

Haya ndiyo ambayo hukuyaona. Kapteni alipokuamuru ukamatwe na wakaanza kukuvuta, Bibi Dudek alishtuka na kigogo kikamponyoka. Kilianguka kwenye chuma cha reli, kikabiringika mpaka kwenye buti la yule kijana asiye na ndevu. Yeye akainama, akakiokota. Akakigeuza, akatazama ile kamba, akakinusa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni hiki tu?" Bibi Dudek akamjibu, "Ni hiki tu, mwanangu." Akamrudishia kwa mikono miwili. Bunduki yake ilikuwa chini matopeni na hakuiokota. Yule mwenzake naye akateremsha yake, kisha wa pembeni, kisha wengine. Kapteni alifoka mpaka akakauka koo. Tulipita katikati yao, wanawake wote, na mkono mmoja juu mpaka mlango wa kanisa.

Anton yuko kando ya Baba. Kengele ililia na padre hakuomba ruhusa ya mtu. Vigogo tuliviweka juu ya kaburi, chungu nzima iliyonizidi kimo. Jioni Kapteni akaamuru viondolewe. Asubuhi vilikuwepo vingine. Akaamuru tena. Mpaka kikosi kinaondoka juzi vilikuwa bado vinaletwa.

Mbunge wa chama chetu ameichukua ile karatasi uliyoibandua na kupeleka maneno yako Berlin. Amenionya nisitegemee kitu, mahakimu ni wale wale na Kapteni ana marafiki. Sawa. Hapa mtaani hakuna tena anayesema bomu, hata polisi wa zamu.

Sasa mimi na wewe. Sijakusamehe. Ulinusa ile kuni ukanywa kahawa, na siku tatu ulijua ukanyamaza. Hilo liko kifuani kwangu na linachoma, nikimwona mbuzi amesimama mlangoni akimngoja Anton linachoma zaidi. Labda mtoto akizaliwa. Labda akishajua kutembea. Usiniharakishe.

Lakini ulisimama. Hilo nalo liko kifuani.

Nakutumia mkate mweusi wa unga wa rai, soksi za Anton, na kigogo. Cha msonobari, kikavu, nimekifunga mimi kwa fundo la Baba. Mlinzi akiuliza, mwambie ni kuni. Akibisha, mwambie tena.

Usikidondoshe.

Heri ya kupanda,
Dada yako Minna


Münster
26 Aprili 1920

Dada Minna,

Kifurushi kimefika. Mkate nimegawana na wenzangu, soksi zimenitosha.

Walinipeleka uani kunipekua mbele ya wote. Sajini akapiga kelele, mikono juu. Niliinua mmoja.

Heri ya kupanda,
Alwin